Chupa ya Marashi Pangoni

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri, watu sita ndani ya gari moja, mama yangu kakaa mbele na kikapu chake mapajani. Chalinze, Segera, kisha Muheza, ambako hatukuondoka mpaka kikapu kilipojaa machungwa. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka Tanga mjini, njia ya Horohoro. Miaka yote nimeipita njia ile bila kuingia.

Ndani, kiongozi wetu aliwaeleza watoto jinsi maji ya mvua yanavyopenya ardhini na kulila jiwe la chokaa kidogo kidogo, kwa mamilioni ya miaka. Kisha akamulika kona moja. Vitambaa, sarafu, na chupa ndogo ya marashi iliyobaki robo, kifuniko kimefungwa vizuri. Hapo ni mzimuni, akasema; watu huja kuomba afya, wengine kuomba mtoto. Mwanangu akacheka. Mama, ambaye sijapata kumwona akikosa swala, akamshika bega.

“Usicheke, mume wangu. Aliyefika hapa ameshabisha hodi kila mlango.”

Kijana akanyamaza. Nami pia, kwa kuwa sauti ya mama haikuwa ya kukanya tu.

Usiku tulipiga hema ufukweni, upande wa Pangani. Vigingi vilikataa kushika mchangani, tukavikandamiza kwa mawe. Watoto walilala mapema. Mimi na mama tukabaki mkekani, taa tumezima.

Wazazi wetu tunawapeleka hospitali, harusini na misibani. Safari ya kukaa nao tu, bila shughuli, tunaiona anasa, na naamini hapo tunakosea sana. Nyumbani kwangu mama ni mgeni wa siku mbili, kila saa kuna mtu wa kumsalimia. Pale hapakuwa na mtu.

“Kabla yako walitoka wawili,” akasema. “Hospitali nilikwenda. Kwa masheikh nilikwenda. Mwisho jirani akanichukua mzimuni, huko kwetu. Na mimi nilibeba marashi.”

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

“Hukuniuliza, baba. Na mimi sikupata pa kuanzia.”

Nikamsikia akimenya chungwa gizani, harufu yake ikatujia kabla ya upepo wa bahari kuichukua. Akapapasa mkekani, akaupata mkono wangu, akaniwekea kipande.