Mwenye Mpango na Mwenye Ufagio

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali nina swali. Hivi mtu anayepanga usafi lakini hashiki ufagio, naye tumwite msafi?

Swali hili lilinikuta nyumbani kwetu Magomeni mwaka jana, wiki moja kabla ya Idi. Nyumba zetu za Kiswahili unazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na kamba ya nguo. Idi ikikaribia, kila kitu hutolewa nje. Nikajisemea, mimi niliyemaliza Kidato cha Nne, mimi mtunzi wa riwaya mtarajiwa, siwezi kutazama kazi ikifanywa ovyo ovyo. Nikachukua daftari, nikaandika mpango.

Na mpango wenyewe, haki ya Mungu, ulikuwa mzuri! Siku ya kwanza, kupunguza vitu: fungu la kubaki, fungu la kugawa, fungu la kutupa. Maana kufuta vumbi kwenye kitu utakachokitupa kesho ni kujichosha bure. Siku ya pili, chumba kimoja kimoja, kutoka juu kushuka chini: utando wa buibui, kuta, madirisha, mwisho sakafu. Ukianza na sakafu utapiga deki mara mbili. Magodoro yatoke juani tangu asubuhi. Siku ya tatu, uani na choo. Hapo niliandika kwa wino mwekundu: dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isichanganywe kabisa na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa hewa ya sumu. Na makopo na tairi kuukuu zimwagwe maji, kwa sababu mbu wa dengi huzaliana humo. Sisi wa Dar es Salaam mlipuko wa mwaka 2014 hatujausahau.

Nikaubandika ukutani. Mdogo wangu wa kike akaja, swaumu imemkausha midomo, akausoma taratibu. Jina lake lilikuwa mbele ya kila mstari.

"Kaka, mbona wewe sikuoni humu?"

"Mimi nasimamia."

Hakucheka wala hakununa. Alichukua ufagio, akaenda zake.

Sasa mtu ataniambia: aa, ndugu yangu, kila kazi ina mpangaji na mtendaji. Mhandisi habebi zege! Kweli. Lakini mbeba zege hulipwa, na jioni huenda kwake. Usafi wa nyumbani hauna ujira. Tena ukifanyika vizuri hakuna anayeuona, ukikosewa, ndipo kila mtu ana macho: "Pale umesahau." Na lile vumbi si la mdogo wangu peke yake. Nyayo zangu zilikuwemo, na majivu ya sigara zangu yalikuwemo.

Mwingine atasema hiyo ni kazi ya wanawake tangu enzi. Huyo namwuliza: mkono wako wa kushika kijiko cha futari, ufagio unaushindaje?

Nakumbuka tarehe 9 Desemba 2015. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza siku ile iwe ya usafi nchi nzima, wakati kipindupindu kimetuandama. Mengi yamesemwa juu ya utawala wake, mazuri na mabaya, na watu watazidi kubishana. Ila siku ile yeye mwenyewe alionekana akizoa taka kwa mikono yake. Aliyetoa agizo alikuwemo ndani ya agizo. Hilo tu ndilo ninalolitaka hapa.

Turudi Magomeni. Siku ya tatu nyumba ilikuwa inanukia. Nikaingia chumbani kwangu: kumefagiwa, ila uvunguni mwa kitanda pako vilevile.

"Mbona hapa umeparuka?"

"Hapo pako, kaka. Niliogopa kutupa maandishi yako."

Nikapiga magoti. Nikatoa soksi moja, vikombe vitatu vyenye ukungu, na karatasi za riwaya yangu. Nikazikung'uta vumbi, nikafungua sura ya tatu. Ilikuwa inamhusu binti mmoja anayetumikishwa na kaka zake tangu alfajiri hadi usiku. Kurasa kumi na moja za huruma! Nyani haoni kundule.

Nilikaa pale sakafuni kitambo. Huruma niliyokuwa nayo kwa binti wa kwenye karatasi ilikuwa nyingi, ya binti wa uani haikutosha hata ndoo moja ya maji.

Nikaenda ukutani na kalamu. Mstari wa choo ulikuwa haujafanywa. Nikakata jina lake, nikaandika langu, kisha nikauliza brashi iko wapi. Maana, msomaji, miaka yote hiyo nilikuwa sijui hata inawekwa wapi.