Fungu la Mgeni: Vibali vya Uwindaji Vinavyosalia na Swali la Haki

Swali la nani ana haki juu ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekiumba wala kukipanda ni la zamani katika fikra za dini na za sheria, na kwa kawaida hujibiwa kwa kuwatazama walio mstari wa mbele: mrithi, mwenye ardhi, raia, mzawa. Ni mara chache huulizwa kutoka upande wa yule anayefika mwisho, wenyeji wakiwa wamekwisha kuchagua na kuondoka, akakuta kwamba kuna fungu limebaki. Magharibi mwa Marekani swali hili limepata sura ya kiutawala iliyo wazi, kwa sababu kila mwaka serikali za majimbo hugawa ruhusa za kuwinda wanyama wakubwa, na ruhusa zinazokosa wachukuaji katika mgao wa kwanza huweza kuchukuliwa hata na mtu anayeishi mbali kabisa na jimbo husika. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kipaumbele cha mkazi kina msingi wa haki, lakini msingi huo ni mzigo anaoubeba, wala si umiliki. Na kwamba mkazi akishatangulizwa kwa ajili ya mzigo huo, kile alichokiacha si mali yake hata aonekane kumfadhili mgeni kwa kumwachia.

Utaratibu wenyewe unahitaji kuelezwa, kwa kuwa haki na dhuluma zote mbili hujificha ndani yake. Katika sehemu nyingi za Colorado, Wyoming, Arizona na New Mexico, mtu anayetaka kumwinda elki, mnyama wa jamii ya ayala ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 300, lazima awe na kibali kinachotaja aina ya mnyama, kitalu, majira na silaha itakayotumika, na mara nyingi jinsia ya mnyama pia. Kibali hicho huambatana na lebo inayopaswa kufungwa kwenye mzoga mara mnyama anapouawa. Idadi ya vibali vya kila kitalu, yaani mgawo wake, hupangwa na wataalamu wa wanyamapori wanaozingatia ukubwa wa kundi, uwiano wa madume na majike, ukali wa baridi iliyopita na hasara ya wakulima. Waombaji wanapozidi vibali, droo hupigwa, na sheria huwabana wasio wakazi ndani ya sehemu ndogo: New Mexico, kwa mfano, hutenga asilimia 84 kwa wakazi, asilimia 10 kwa wale waliofunga mkataba na kampuni za kuongoza wawindaji, na asilimia 6 tu kwa wasio wakazi wasio na mkataba wa namna hiyo. Colorado hufunga maombi ya droo ya kwanza mwezi wa Aprili, hufanya droo ya pili kwa vibali vilivyorudi au visivyoombwa, ambamo vijana hutangulizwa, kisha mwezi wa Agosti huuza vilivyosalia kwa anayewahi, mkazi na asiye mkazi wakipanga foleni moja ingawa bei zao si moja.

Vinavyosalia si vibali vya aina yoyote tu. Vingi ni vya majike, ambayo wapenda pembe huyapuuza ingawa ndiyo wataalamu wanayotaka yapunguzwe ili kundi lisizidi uwezo wa malisho. Vingine ni vya vitalu ambavyo karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, au vya majira ambayo theluji na umbali huwachosha hata wenyeji. Ni kusema kwamba fungu la mgeni halikutengwa na mtu aliyemkumbuka mgeni. Limetokana na wengine kulikataa.

Hapo ndipo sheria za kale za dini zinapotofautiana na utaratibu huu, na tofauti hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Katika Mambo ya Walawi na Kumbukumbu la Torati mwenye shamba anaamriwa asivune pembe za shamba lake wala asirudie mganda aliousahau, kwa sababu sehemu hiyo ni ya maskini, yatima, mjane na mgeni. Walimu wa Mishna waliona ni lazima kuweka kiwango cha chini cha kona hiyo, wakasema isipungue sehemu moja ya sitini. Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyeokota masazo katika shamba la Boazi huko Bethlehemu, hakuwa mwombaji wa huruma peke yake, bali alikuwa akitumia haki iliyotangulia mavuno yenyewe. Qurani nayo, katika Sura ya An-Nisaa, inaelekeza kwamba jamaa wasio na fungu, mayatima na maskini wakihudhuria kugawanywa kwa mirathi wapewe kitu humo, na wanavyuoni wametofautiana kama agizo hilo ni la lazima au la kupendekezwa. Wasomi wa mirathi wanajua pia kwamba katika sheria hiyo kinachobaki baada ya mafungu yaliyotajwa hakiwi makombo, kwa kuwa humwendea asaba, yaani jamaa wa upande wa kiumeni asiyewekewa kiwango, ambaye mara nyingi ndiye mwana wa marehemu. Kubaki, basi, hakukifanyi kitu kuwa duni. Hadhi ya masazo hutokana na iwapo mgawaji alimkusudia mpokeaji tangu mwanzo.

Lakini mfano wa shamba una mpaka wake, kwa sababu Boazi alilima na kupanda, ilhali hakuna jimbo lililomzaa elki. Sheria ya Kirumi, kama ilivyokusanywa katika Taasisi za Justiniani mwaka 533, ilimhesabu mnyama wa mwituni kuwa kitu kisicho na mwenyewe mpaka anaswe, na fiqhi ya Kiislamu ilifika mahali panapokaribiana na hapo kwa kuyaweka mawindo miongoni mwa vitu vya mubaha, ambavyo hawi navyo mtu kabla ya kuvitia mkononi. Nchini Marekani kanuni ya namna hiyo ilikutana na bunduki, reli na soko la ngozi, na matokeo yake yanajulikana: nyati wa Marekani, waliohesabika kwa makumi ya mamilioni, walishuka chini ya elfu moja kabla karne ya kumi na tisa haijaisha. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali, katika kesi iliyotoka Connecticut, kwamba majimbo yanamiliki wanyamapori kwa niaba ya watu wao. Mwaka 1979, katika kesi ya Oklahoma, ikaiacha nadharia hiyo ya umiliki kwa kuiona kuwa ni dhana ya kisheria tu, ingawa haikuyanyima majimbo wajibu wa kuwahifadhi wanyama hao. Kilichosalimika ni wazo la amana: jimbo halina mnyama, lina dhamana. Tanzania inalitamka wazo lilo hilo waziwazi zaidi, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inawaweka wanyama wote kuwa mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Kama ni amana, walengwa wake ni akina nani? Mwaka 1978, kati ya hukumu hizo mbili, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Montana ambamo mkazi aliweza kununua leseni ya elki pekee kwa dola 9, na asiye mkazi akalazimika kununua leseni ya mchanganyiko kwa dola 225. Majaji 6 dhidi ya 3 walisema kwamba kuwinda elki ni burudani wala si njia ya kujipatia riziki, kwa hiyo si miongoni mwa haki za msingi ambazo kila jimbo linapaswa kuwapa raia wa majimbo mengine kwa usawa. Hoja hiyo ni dhaifu mahali inapoonekana kuwa na nguvu, kwa sababu inajibu swali la thamani ya uwindaji huku ikiliruka swali la uhalali wa kubagua. Kama jambo ni dogo, udogo wake hauwi sababu ya kuwagawa watu kwa anwani zao. Hoja bora zaidi ilikuwemo katika maelezo ya jimbo lenyewe na haikuhitaji uwindaji uitwe burudani: mkazi wa Montana hulipa kodi za barabara na za askari wa wanyamapori mwaka mzima, huona majani yake makavu yakiliwa na makundi ya elki wakati wa baridi, na huishi na hatari na gharama ambazo mgeni huziacha nyuma anapoondoka. Huo ndio mzigo uliotajwa mwanzoni, nao unatosha kumpa mtu nafasi ya kwanza na bei nafuu.

Hata hivyo mzigo hupimika, na kinachopimika kina mwisho. Wenyeji wa pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika jambo hili usemi huo una hesabu nyuma yake: ada za wasio wakazi hubeba sehemu kubwa ya bajeti za idara za wanyamapori za magharibi, na kodi ya asilimia 11 inayotozwa bunduki ndefu na risasi chini ya sheria ya mwaka 1937 hulipwa na mnunuzi wa jimbo lolote, kisha hurudishwa kwa majimbo kwa ajili ya uhifadhi. Mtu anayechangia hivyo, akasubiri mpaka wakazi wamalize kuchagua, hawezi kuitwa mdandiaji anapochukua kibali cha jike la elki ambacho hakuna aliyekitaka.

Namna ya kukigawa kilichobaki nayo ina uzito wa kimaadili. Qurani inakataza kupiga ramli kwa mishale ya bahati, lakini inasimulia bila kulaumu jinsi kalamu zilivyotupwa ili ajulikane nani amlee Maryamu, na Mtume alipiga kura kati ya wakeze alipotaka kusafiri. Biblia inaeleza nchi ya Kanaani ikigawanywa kwa kura, na Mathiya akichaguliwa kwa kura kuchukua nafasi ya Yuda. Wanavyuoni waliopatanisha mambo haya waliona kwamba kura ni halali inapowatenganisha watu ambao haki zao zimekwisha kulingana, na huwa kamari pale mtu anapoweka mali yake ili apate au apoteze kwa bahati tu. Kwa kipimo hicho droo ya vibali ni kura halali katika asili yake, ila inapakana na jambo jingine majimbo kama Arizona na Colorado yanapomtaka mwombaji kununua kwanza leseni ya kumstahilisha kuomba, ambayo fedha zake kwa kawaida hazirudi akikosa. Foleni ya Agosti inayofuata ina kasoro ya aina nyingine: humtunuku mwenye intaneti ya kasi na ajira inayomruhusu kukaa mbele ya kompyuta asubuhi ya siku ya kazi. Kwa fungu linalobaki, kura nyingine ni ya haki zaidi kuliko mbio.

Lakini dosari kubwa kuliko zote ni haki isiyo na njia. Sehemu kubwa ya nchi ya magharibi ni ardhi ya serikali kuu, mali ya Wamarekani wote, hivi kwamba mtu wa Missouri ni mmoja wa wenye ardhi anayoikanyaga huko Wyoming na papo hapo ni mgeni kwa mnyama anayelisha juu yake. Sheria ya Wyoming inamruhusu mtu huyo kutembea peke yake katika maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa, lakini inamkataza kuwinda humo wanyama wakubwa bila mwindaji bingwa au mkazi wa kufuatana naye. Mahali pengine ardhi ya umma na ya watu binafsi imepishana kama ubao wa drafti, urithi wa ruzuku za reli za karne ya kumi na tisa, na kwa miaka mingi mwenye kibali hakujua kama anaweza kuvuka kutoka mraba wa umma hadi mwingine pale pembe zao zinapogusana. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walitumia ngazi kuvuka pembe kama hizo karibu na Elk Mountain bila kukanyaga ardhi ya jirani. Waliposhtakiwa, baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru mwaka 2022, na mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawaunga mkono kwa kutumia sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuizingira ardhi ya umma. Uamuzi huo ni wa haki, na inafaa kutambua kwamba uliwafungulia wenyeji pia njia waliyokuwa wamefungiwa.

Bado kuna mtu ambaye mgao huu haujamtaja. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwahifadhia watu wa taifa la Crow haki ya kuwinda katika ardhi ya Marekani isiyokaliwa, miaka 22 kabla ya Wyoming kuwa jimbo. Mmoja wao, aliyeishi upande wa Montana, alishtakiwa kwa kuua elki katika msitu wa Bighorn, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kuzaliwa kwa jimbo hakukuifuta haki hiyo, ikairudisha kesi kwa mahakama za Wyoming ziendelee na maswali yaliyobaki. Kwa anwani yake mtu huyo si mkazi wa Wyoming, na kwa haki yake anaitangulia Wyoming yenyewe. Jedwali la mgao lenye safu mbili tu, ya mkazi na ya asiye mkazi, halina mahali pa kumwandika, na kabla jimbo halijatangaza kwamba kuna vibali vilivyosalia katika milima hiyo linapaswa kwanza kumhesabu yeye.