Je, Kupatana Bei ni Kuiba?

Msimu wa mavuno uliopita nilifika Tunduma kwa kazi ya gazeti hili, na baada ya Misa ya Dominika mzee mmoja mfanya biashara ya mahindi akanifuata mpaka barazani kwa nyumba ya mapadre. Hakuja kuungama, kama angaliungama, nisingaliandika hapa hata neno moja. Alikuja na swali, tena akanipa ruhusa ya kulitia gazetini, mradi nisimtaje jina.

“Padre,” akasema, “sisi wanunuzi saba tulikaa tukapatana ya kwamba hapana hata mmoja wetu atakayempa mkulima zaidi ya bei fulani kwa kilo. Hatukumpiga mtu, wala hatukumnyang’anya mtu gunia. Mkulima akitaka, auze. Asipotaka, arudi na mahindi yake. Sasa mwanangu aliyesoma sheria aniambia kwamba tumevunja sheria ya nchi, na ya kwamba wako watu wa serikali wawezao kuja dukani kwangu na kusoma vitabu vyangu vya hesabu. Kosa letu ni nini, Padre? Na hao, ni nani aliyewapa haki ya kufungua kabati langu?”

Ndugu wasomaji, maswali hayo mawili hayatengani, na asiyelijibu la kwanza hawezi kulijibu la pili. Basi tuanze na lile la kwanza.

Wale wasioijua Tunduma yafaa waambiwe kwamba ni mji uliosimama mlangoni pa nchi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam yapita hapo kuingia Zambia, na malori yaendayo Zambia na Kongo hujipanga humo usiku na mchana. Nyuma ya mji, katika wilaya za Mbozi, Momba na Ileje, ambazo tangu mwaka 2016 zimo katika mkoa mpya wa Songwe, watu hulima mahindi, na kule Mbozi kahawa pia. Mkulima huvuna, hukodi gari, hufika mjini na magunia yake kumi. Nauli ya gari amekwisha ilipa au aidaiwa. Ada ya mtoto yamngoja. Mwambie mtu huyo, “Usipotaka, rudi na mahindi yako”! Neno hilo ni jepesi mdomoni mwa anayelisema, lakini aliyeambiwa hana nauli ya kurudia.

Hata hivyo umaskini wa muuzaji peke yake haumfanyi mnunuzi kuwa mwizi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichungua jambo hili zamani. Atoa mfano wa mfanya biashara apelekaye ngano mahali penye njaa, naye ajua kwamba nyuma yake waja wengine wengi wenye ngano. Je, yampasa awaambie wenyeji? Mtakatifu Tomaso ajibu kwamba haki haimlazimishi kusema, ingawa akisema, au akipunguza bei, atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi. Jibu hilo huwashangaza wanafunzi wa seminari, nami lilinishangaza. Lakini lina maana yake. Mfanya biashara yule amepata faida kwa sababu ya mbio zake na maarifa yake, na soko limebaki soko. Kesho wenzake watafika, na bei itashuka.

Sasa tazameni wale saba wa Tunduma. Wao hawakumtangulia mtu kwa mbio. Walimwondolea mkulima kitu alichodhani kwamba bado anacho. Mkulima aendapo kutoka ghala hata ghala, aamini kwamba auliza watu saba. Kumbe amwuliza mtu mmoja mwenye vinywa saba. Bei aliyotajiwa si bei ya soko, bali ni bei iliyovikwa mavazi ya soko. Hapo pana uwongo, na uwongo ule wamtoa mtu mali yake. Sioni jina lingine la kuliita tendo hilo.

Mzee wangu hakukubali upesi. Alikuwa na hoja, nami nakiri kwamba ilikuwa nzuri. “Wakulima wa kahawa,” alisema, “huuza kwa pamoja katika chama chao cha ushirika. Wao wakipatana huitwa wanaushirika. Sisi tukipatana twaitwa wezi. Mbona hivyo?”

Nilimjibu kwanza kwamba chama cha ushirika huandikishwa, hesabu zake hukaguliwa, na mkutano wake hufanyika mchana. Mapatano ya wale saba yalifanyika usiku, na nguvu yake yote ilikuwa katika kutokujulikana. Tena Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891, alitetea haki ya wanyonge ya kuungana, kwa kuwa mnyonge aliye peke yake mbele ya mwenye nguvu hana mapatano ya hiari. Lakini sikuweza kuishia hapo, maana si kweli kwamba ushirika hauna dhambi. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote iuzwe kwa njia ya vyama vya ushirika, na wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini. Nia ilikuwa kumkinga mkulima na walanguzi. Walakini mkulima aliyebakiziwa mlango mmoja tu, akicheleweshewa malipo yake, atabisha wapi? Ukiritimba wa chama ni ukiritimba, hata ukiwa na muhuri na mwenyekiti. Nilimwambia hivyo mzee wangu, naye alifurahi kidogo kuliko ilivyofaa.

Na sasa swali la kabati.

Kule sokoni iko dhuluma nyingine, ile ya lumbesa. Gunia hushindiliwa, huongezewa kichwa juu na kushonwa, mpaka lapita kilo 100 ziruhusiwazo na sheria ya vipimo, na mkulima hulipwa kama kwamba ni gunia moja. Nabii Amosi aliwakemea wauzaji waliopunguza kibaba. Wanunuzi wetu wamegeuza upande tu, wao kibaba hukikuza. Lakini lumbesa yaonekana. Mkulima hulitazama gunia lake likinenepa, na akiwa na moyo atapiga kelele, na mtu wa vipimo atakuja na mizani. Aliyepatiwa bei ya njama haoni kitu. Arudi nyumbani akisema, “Mwaka huu bei ni mbaya,” kama asemavyo juu ya mvua. Hana mtu wa kumshtaki, kwa sababu hajui kwamba ameibiwa. Kwa wizi wa namna hiyo haitoshi serikali kukaa ofisini ikingoja malalamiko.

Ndiyo sababu Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1994, yawakataza washindani mapatano matatu: kupanga bei, kumsusia mtu kwa pamoja, na kula njama katika zabuni. Juu ya mapatano ya namna nyingine sheria huuliza kwanza kama yameudhuru ushindani sokoni. Juu ya hayo matatu haiulizi. Na Tume ya Ushindani, ambayo wengi waijua kwa herufi zake FCC, imepewa uwezo mkubwa. Yaweza kuanza uchunguzi kwa malalamiko ya mtu ye yote, au kwa hiari yake yenyewe. Yaweza kumwita mtu kwa hati aje kutoa ushahidi, na kumtaka alete vitabu na barua zake. Tena, kwa kibali cha sheria, yaweza kupekua. Afichaye hati au asemaye uwongo amekosa. Na juu ya aliyepatikana na hatia, sheria ilipotungwa ilitaja faini isiyopungua asilimia 5 wala kuzidi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka. Mauzo, si faida! Mfanya biashara aelewa mara moja tofauti ya maneno hayo mawili.

Uwezo huo ni wa haki? Kwa asili yake, ndiyo. Baba Mtakatifu Pius wa 11 alionya mwaka 1931 kwamba ushindani usio na lijamu hujila wenyewe, na mahali pake huinuka utawala wa wachache wenye mali. Naye Yohane Paulo wa 2, mwaka 1991, alifundisha kwamba serikali ina haki ya kuingilia kati pale ukiritimba unapozuia maendeleo ya watu. Mwenye kukabidhiwa wajibu apewe na chombo cha kuutimizia. Mchungaji hakatazwi fimbo.

Lakini fimbo twaifahamu. Wazee wetu wakumbuka mwaka 1983, nchi ilipokosa sabuni na sukari, na serikali ikatangaza vita juu ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwapo kweli, tena wakubwa. Hata hivyo sheria maalumu ya mwaka ule iliunda baraza la pekee ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili wala dhamana, na hofu ikawaingia hata wasio na kosa. Wako waliomwaga bidhaa zao vichakani usiku ili zisikutwe nyumbani. Mwaka uliofuata, 1984, sheria ile ikaondolewa na kuwekwa nyingine iliyozirudisha kesi hizo mbele ya Mahakama Kuu. Hatukuwa na haja ya kungoja mwaka mzima ili tujue kwamba mtu hahukumiwi haki pasipo kusikilizwa.

Kwa hiyo nilipomsikia mzee akiogopa kabati lake kufunguliwa, sikumcheka. Nilimweleza kwamba aliyehukumiwa na Tume aweza kukata rufaa mbele ya Baraza la Ushindani, na ya kwamba Baraza hilo si pambo. Mwaka 2010 Tume iliiona kampuni kubwa ya bia, TBL, na hatia ya kutumia vibaya nguvu yake katika mambo ya mabango na matangazo mabaani, ikaitoza faini. Kampuni ikakata rufaa, ikasikilizwa. Mwaka 2022 Tume iliruhusu kampuni ya Scancem kuinunua Tanga Cement, na Baraza likaitengua ruhusa hiyo, ingawa habari ile ilikuwa na mizunguko mingine baadaye. Sisemi nani alikuwa na haki katika mashauri hayo. Nasema tu kwamba mwenye uwezo wa kuuliza naye aliulizwa, na jambo hilo mwaka 1983 halikuwako.

Upungufu upo mahali pengine. Mashauri hayo yote ni ya wakubwa: bia, saruji, kampuni zenye mawakili. Ni nani atakayeshika hati ya mwito na kuja Tunduma kwa ajili ya wanunuzi saba wa mahindi? Na hao saba wakihamishia kikao chao Nakonde, hatua chache tu ng’ambo ya mpaka, wako katika nchi nyingine yenye tume nyingine na sheria yake ya mwaka 2010, tena nchi iliyomo katika COMESA, jumuiya ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Tangu mwaka 2019 malori hukaguliwa pamoja na maofisa wa nchi zote mbili katika kituo kimoja. Ni haki wafanya biashara warahisishiwe njia. Lakini mpelelezi wa njama naye ahitaji mwenzake upande wa pili wa kumfungulia mlango, la sivyo mpaka utakuwa kimbilio la wenye hila.

Tena karatasi hazisemi zenyewe. Wale saba hawakuandika kitu; walishikana mikono. Hati ya kupekua ingekuta nini kabatini? Huko Marekani na Ulaya wana desturi kwamba kampuni ya kwanza kujitaja na kuwataja wenzake husamehewa faini au hupunguziwa. Sisi mapadre twaweza kuona wivu kidogo: watu hukimbizana kuungama! Lakini ni maungamo yasiyo na majuto, na afikaye wa pili hukuta mlango umekwisha fungwa nusu. Hata hivyo desturi ile yaonyesha jambo la kweli, kwamba njama hufunuliwa na mtu aliyekuwamo ndani. Yaani karani, au mpagazi aliyesikia, au mmoja wa wale saba.

Hapo ndipo mzee wangu alipokuwa amefika kabla sijamfikisha. Aliniuliza juu ya kurudisha. Nilimwambia lile tulifundishwalo sote: mali ya wizi hurudishiwa mwenyewe, na mwenyewe asipojulikana, hupewa maskini. “Wengine nawajua,” akasema. “Wawili husali kanisa hili. Mmoja leo alikuwa benchi la mbele yangu.” Nikamwambia kwamba basi hao wawili si maskini wasiojulikana.

Kisha akauliza kama barua kwa Tume yampasa kuiandika kwa jina lake. Nilimjibu kwamba aache kwanza mapatano, aanze kesho yake kununua kwa bei yake mwenyewe, na awaambie wenzake wazi kwamba ameacha; na ya kwamba kama wao wataendelea, wanaodhulumiwa hawana shahidi mwingine. Juu ya jina sikumlazimisha. Wenzake wale ni wasimamizi wa ndoa za watoto wake, na mmoja ndiye mwenye ghala alilopanga.

Alikaa kimya kitambo, malori yakipiga honi kule barabarani. Halafu akaniomba kalamu, akaandika nyuma ya risiti hesabu ya magunia aliyonunua kwa wale wawili, akazidisha, akafuta, akazidisha tena.