Nani Atamtandikia Punda Mefiboshethi?

Masomo: 2 Samweli 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30



Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Twawakumbuka waliokufa vitani, na ni vema kufanya hivyo. Walakini shujaa aliyekufa hali ugali, wala hanunui dawa. Yule aliyerudi nyumbani hai, lakini mguu mmoja ameuacha vitani, huyo anahitaji chakula tarehe 26, na tarehe 27, na siku zote zinazofuata. Huyo ndiye nataka tumfikirie leo, tukisaidiwa na mtu ambaye habari zake hazihubiriwi mara nyingi kanisani. Jina lake ni Mefiboshethi.

Mefiboshethi alikuwa mwana wa Yonathani, na mjukuu wa mfalme Sauli. Alikuwa na umri wa miaka mitano tu habari zilipofika kwamba baba yake na babu yake wameuawa katika vita vya Gilboa. Mlezi wake akamchukua mbio ili amponye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Hakushika mkuki wala upanga, lakini vita vilimnyang'anya baba, miguu na mashamba kwa pamoja. Akaishi Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine.

Miaka ikapita. Daudi akawa mfalme, na siku moja akauliza kama yuko mtu wa nyumba ya Sauli aliyesalia, amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Angalieni mambo matatu hapo.

Kwanza, aliyeuliza ni mfalme. Mefiboshethi hakupeleka maombi, wala hakusimama mlangoni kwa mfalme tangu asubuhi. Mwenye deni ndiye aliyemtafuta anayemdai.

Pili, Daudi hakumpa sadaka. Yeye na Yonathani walikuwa wamefanya agano, na agano ni deni. Kwa hiyo akamrudishia mashamba yote ya Sauli, akamwagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20, ayalime na kuleta mavuno. Mfalme alijua kwamba shamba bila mtu wa kulilima si msaada kwa mtu asiyeweza kusimama.

Tatu, alimketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Na sura ile inamalizika kwa kutukumbusha tena kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Meza haikuiponya miguu. Pensheni haiotesHI mfupa, wala fidia hairudishi jicho. Lakini mtu hupewa mahali pake kati ya watu, naye hali chakula cha kuombaomba.

Sisi watu wa Unyamwezi tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengi. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupita Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, ilikanyagwa na nyayo za wazee wetu. Walisifika kwa kubeba mizigo. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipofika, sifa ile ikawa mzigo juu ya mzigo. Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na kila jeshi lililopita katika nchi hii lilitaka mabega ya watu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Leo twataja Kariakoo ya Dar es Salaam kama jina la soko, tukisahau kwamba jina lile lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Wengi waliokufa, majina yao na vijiji vyao havikuandikwa vizuri, na mishahara yao haikuwafikia wake zao wala watoto wao.

Askari wa Kiafrika waliowapigania Wajerumani nao walibaki wakidai mishahara yao. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa wale waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza walikusanyika wazee wapatao 350, lakini wachache tu walikuwa na hati zao. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Basi yule mwenye kulipa akawapa ufagio, mmoja baada ya mwingine, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini viungo havikusahau.

Habari hiyo inafurahisha. Lakini mimi hujiuliza: na yule aliyekatwa mkono, angeushikaje ufagio? Yule aliyepofuka, angeionaje njia ya kwenda Mwanza? Mara nyingi mtu aliyeumia zaidi ndiye anayeshindwa zaidi kuthibitisha kwamba aliumia.

Ikaja vita ya pili, na vijana wa Afrika Mashariki wakaingia Keya, wakapelekwa hata Burma. Mwaka 2019 ilitangazwa hadharani kutoka katika nyaraka za zamani kwamba, vita vilipokwisha, bakshishi ya kuagwa jeshini ilipimwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipata kama theluthi moja ya aliyopata Mzungu wa cheo kile kile. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 2018, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza karibu paundi milioni 12 ili wapiganaji wake wa zamani walio maskini katika nchi za Jumuiya ya Madola, pamoja na wajane wao, wapate milo miwili kwa siku. Twashukuru kwa kila sahani. Walakini ilikuwa imepita miaka 73 tangu vita kwisha, na wengi waliostahili kula walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Tena msidhani nawasema wageni tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutampiga. Wakaitwa askari wa JWTZ, na pamoja nao vijana wa JKT, polisi, magereza na mgambo kutoka vijijini. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapema mwezi wa Juni vita vikaisha. Wengine wamelala katika makaburi ya Kaboya, mkoani Kagera. Wengine walirudi na vyuma mwilini, au masikio yaliyozibwa na mizinga, au usingizi unaokatika kila usiku. Kijana wa miaka 20 wakati ule, leo ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Jeraha aliloweza kulificha akiwa na nguvu, sasa linamshinda.

Taifa limeweka taratibu zake: pensheni kwa aliyetimiza utumishi wake, kiinua mgongo, malipo kwa aliyeumia kazini kwa kadiri madaktari watakavyopima ulemavu wake, na haki za wajane na yatima. Hayo ni matunda ya agano. Kijana alisema, nitakwenda. Taifa likasema, tutakutunza. Mtu asimwambie mzee wa namna hiyo kwamba anasaidiwa. Analipwa.

Sasa rudini kwa Mefiboshethi, maana habari zake hazikuishia mezani.

Absalomu alipoasi, Daudi alikimbia Yerusalemu. Siba akamfuata njiani na punda, mikate na divai, akamwambia kwamba bwana wake Mefiboshethi amebaki mjini akitamani ufalme. Daudi alikuwa amechoka na kuumia moyo. Hakuuliza zaidi. Pale pale akampa Siba mashamba yote. Baadaye mfalme aliporudi, Mefiboshethi akamjia, hakuwa ametunza miguu yake wala kufua nguo zake tangu siku ile. Akaulizwa, mbona hukuja? Akajibu kwamba alitaka kutandikiwa punda apande, kwa kuwa ni kiwete, lakini mtumishi wake akamdanganya, kisha akamsingizia.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye fundisho letu. Amri ya mfalme ilikuwa njema. Mashamba yalikuwa yametolewa. Lakini haki ile ilipita mikononi mwa mtu mwenye miguu, na mtu huyo hakuwa mwaminifu. Mwenye haki hakuweza kufika kujitetea, akahukumiwa kwa sababu hakufika. Hata Daudi, mpendwa wa Mungu, alikosea kwa kusikiliza upande mmoja, na mwisho aliamuru mashamba yagawanywe nusu kwa nusu.

Fikirini basi mzee wa hapa Igalula mwenye mguu wa bandia. Anaambiwa afike Tabora kwa uhakiki. Hana nauli, au hakusikia tangazo. Siku inapita, na jina lake linawekwa kando. Au fikirini mjane anayetakiwa kuleta hati ya kifo na barua ya mahakama ya mirathi, naye hajui mlango wa mahakama uko wapi. Au mzee ambaye kadi yake ya benki na namba yake ya siri viko kwa mwanawe, naye huletewa kilo mbili za sukari na kuambiwa kwamba fedha za mwezi huu ni hizo. Siba hakufa. Siba hukaa nyumbani mwetu, naye huja kanisani pamoja nasi.

Kwa hiyo nauliza: katika mtaa wetu, nani atamtandikia punda Mefiboshethi? Punda wetu leo ni baiskeli, ni nauli ya treni au ya basi, ni kijana anayejua kusoma fomu. Nawasihi tufanye hivi.

Kwanza, tuulize kama Daudi alivyouliza. Kila mzee wa kanisa aangalie eneo lake: yuko nani aliyeumia vitani au katika utumishi wa jeshi? Yuko mjane gani? Tusiulize ni wa dhehebu gani, wala kama ni Mkristo au Mwislamu. Risasi haikuuliza.

Pili, tusaidie kutunza karatasi. Namba ya utumishi, barua ya kuachishwa jeshi, cheti cha hospitali, zote ziwekwe mahali pakavu, na nakala zake zikae kwa mtu mwaminifu. Kama wako wenzake waliokuwa naye kikosini, waandike ushuhuda wao sasa wakiwa hai na wakikumbuka.

Tatu, mtu asiende ofisini peke yake. Umoja wa Akina Mama na vijana wapange zamu ya kumsindikiza. Anayesindikiza asidai fungu, wala asiseme kwa niaba ya mzee jambo ambalo mzee hakulisema.

Nne, wewe mwana au mkwe unayeshika kadi ya mzee, mwonyeshe hesabu yake. Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, anasema habari ya ujira uliozuiliwa, jinsi unavyolia mpaka masikioni mwa Bwana. Mungu husikia kilio hicho hata kikitoka chumba cha uani.

Na wewe uliye karani au mpimaji wa madai, kama wasoma ukurasa huu, kumbuka kwamba Daudi alisikia neno la mtu aliyefika na punda, akatoa hukumu. Msubiri na yule ambaye bado yuko njiani.

Wapendwa, Bwana wetu alipofufuka angeweza kuja na mwili usio na alama. Lakini aliwaonyesha wanafunzi mikono yake na ubavu wake, na kwa alama zile Tomaso alimjua. Makovu yetu hayamchukizi Mungu, maana yeye mwenyewe anayo. Nasi ambao tulikuwa mbali, bila miguu ya kumfikia, alitutafuta, akatuketisha mezani pake. Aliyeketi meza hiyo Jumapili hawezi Jumatatu kumwacha jirani yake Lo-debari.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemkumbuka Mefiboshethi kwa ajili ya agano, wakumbuke wote walioumia kwa ajili ya nchi yetu. Uwape wenye mamlaka moyo wa kuwatafuta, uwape wenye kuwatunza mikono safi, nasi utupe miguu ya kwenda nao mpaka wapate haki yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.