Usafi wa Kambi ni Agizo la Bwana

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8 na 23:12-14



Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba wakiwa kambini watoke nje kwenda haja, wachimbe na kufukia, kwa kuwa Yeye mwenyewe anatembea kati yao. Tena aliagiza kila nyumba mpya iwekewe ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Mungu anaweza kumdaka anayeanguka; hata hivyo aliagiza ukingo.

Wako kati yetu wanaosema, "Sisi tunaomba, chanjo ya nini?" Wengine wanasema chanjo inaharibu uzazi wa binti zetu. Hilo la pili si kweli. La kwanza linamjaribu Bwana.

Tukumbuke mwaka 2018. Mwezi wa Februari kipindupindu kiliwapata wenzetu waliokimbia vita vya Ituri na kuvuka Ziwa Albert kuingia Hoima, Uganda. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mwezi wa Mei watu wa wilaya ile, wenyeji na wakimbizi, walipewa chanjo ya kunywa. Huo ulikuwa ukingo.

Vijidudu vya kipindupindu hutoka katika kinyesi na kuingia kinywani kwa maji, chakula na mikono. Mtoto aweza kuwa navyo bila kuugua, akawapa wenzake darasani. Kwa hiyo kumpenda jirani ni pamoja na kumnawisha mwanao.

Wazazi, tufanye haya: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Watoto wanawe kwa sabuni watokapo chooni na kabla ya kula. Sabuni ikikosekana, majivu. Mtoto akihara kama maji ya mchele, apelekwe zahanati mara moja, akinyweshwa maji ya chumvi na sukari njiani. Kuchelewa kwa saa chache kwaweza kumwua.

Tusisahau dondakoo, kifaduro na pepopunda, ambazo nazo zina chanjo. Kadi za wengi zilibaki tulikokimbia, au ziliungua pamoja na nyumba. Tusione haya. Tumweleze muuguzi, afadhali mtoto achanjwe tena kuliko akose.

Tulivuka mipaka tukiwabeba watoto hawa mgongoni. Tusiwapoteze kwa kukosa kunawa mikono.

Bwana atembeaye kambini awalinde. Amina.