Makazi ya Wazee, na Deni Lisilolipwa kwa Mkono wa Mwingine

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfanya mtoto kuwa amana ya mzazi, kisha akamfanya mzazi kuwa amana ya mtoto.  

Lugha ya watu wa pwani ina neno moja lenye maana mbili. Mtu akisema "wazee wangu" hukusudia baba yake na mama yake. Na akisema "wazee" peke yake, hukusudia watu waliokula chumvi nyingi, wawe wa kwake au wa mwenziwe. Zamani maana hizi mbili kukaa katika neno moja hakukuwa na dhara, kwani kila mzee alikuwa ni mzee wa mtu fulani, na mlango wake ulijulikana. Leo kuna nyumba zinazoitwa "makazi ya wazee", wala hapana budi kuuliza: ni wazee wa maana ipi? Katika jawabu la swali hili ndimo ulimo wema wa nyumba hizo, na ndimo ulimo ubaya wake.

Na uchukuliwe mfano wa mtu anayekaa Kikuyu, katika mji wa Dodoma. Serikali ilikata shauri mwaka 1973 kuuhamishia mji mkuu huko, lakini uhamaji ukaenda polepole hata mwaka 2016, ndipo wizara zilipoanza kuhama kwa haraka. Pamoja na wizara wakahama watu: makarani, wahasibu, madereva na walimu, na katika hao wamo watoto wengi wa pwani. Ikawa mtoto wa Tanga amepanga nyumba Kikuyu, katika bara iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, ambayo mvua yake ni ya miezi michache, upepo wake ni mkavu, na usiku wake wa Juni na Julai una baridi. Na mama yake amebaki Ngamiani. Ana miaka themanini, macho yamepungua nuru, na magoti hayamwinui tena. Mfano huu si wa mtu mmoja. Ni hali ya wengi.

Mtu huyu ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kumchukua mama yake akakae naye. Ya pili ni kumwacha kwake, akamtafutia msichana wa kazi, na kila mwisho wa mwezi akamtumia fedha kwa simu. Ya tatu ni kumtafutia nafasi katika nyumba ya wazee. Watu wengi husema kwa haraka kwamba ya kwanza ni ya Kiislamu, ya pili ni ya dharura, na ya tatu ni ya Wazungu. Maneno haya ni mepesi kuyasema, lakini yakipimwa huonekana hayakutimia.

Kwanza, si kweli kwamba nyumba hizi ni jambo geni la Ulaya. Waislamu wa zamani walijenga kwa mali za wakf mahospitali makubwa, kama ile ya Nuruddin mjini Damascus ya mwaka 1154 na ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo ya mwaka 1284, ambamo maskini alitibiwa na kulishwa bila ya kutoa kitu. Unguja nako zilikuwako nyumba za wakf ambamo watu wasio na uwezo walikaa kwa kodi ndogo au bila ya kodi. Kumpa paa asiye na paa ni katika mambo ya dini tangu zamani.

Pili, nyumba hizi zipo karibu, wala si khabari ya mbali. Tanga kuna makazi ya Mwanzange. Kigamboni kuna Nunge. Morogoro kuna Fungafunga. Na katika mkoa wa Singida, jirani wa Dodoma, kuna Sukamahela. Pemba kuna Limbani. Unguja kuna Welezo na Sebleni. Sebleni ilijengwa na serikali ya Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na Welezo ilikuwa nyumba ya maskini tangu zama za ukoloni, ikihudumiwa na masista wa Kikatoliki. Na hapa yafaa kusimama kidogo. Mji uliojaa misikiti na wakf, maskini wake walioshwa na kulishwa kwa mikono ya watu wa dini nyingine. Jambo hili si aibu kwa masista. Ni sifa yao. Aibu, kama ipo, ni ya wale waliopita njia hiyo wakenda zao wakaona kwamba haiwakhusu.

Ama wema wa nyumba hizi ni dhahiri kwa mwenye insafu. Mzee asiye na mtoto wala ndugu hupata humo chakula, kitanda, dawa, na mtu wa kumshika mkono aendapo chooni. Hupata wenziwe wa rika lake, watu wanaokumbuka anayoyakumbuka yeye, na mazungumzo ya rika ni dawa isiyouzwa dukani. Hupata amani vilevile. Katika nchi za Usukuma wamekuwako vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na huenda hoja yao wauaji ilikuwa ni macho mekundu tu, na macho yale yaliwekundu kwa moshi wa kuni alizopikia wanawe miaka hamsini. Kwa mzee aliyekimbia panga la jamaa zake, nyumba ya wazee ni ngome. Mwenye kuilaumu na alaumu kwanza kilichomfukuza mzee kwake.

Na udhaifu wake nao ni dhahiri. Mzee aliyekuwa akiamrisha nyumba huwa akiamrishwa: hula saa waliyopanga wengine, hulala saa waliyopanga wengine, na nguo zake huchaguliwa na wengine. Huondokewa na wajukuu, na wajukuu huondokewa naye, wakakua bila ya kujua nasaba yao wala visa vya mji wao. Watumishi wakiwa wachache, na fedha ikichelewa, wa kwanza kupata dhiki ni yule asiyeweza kupiga kelele. Na lililo zito kuliko yote ni kwamba mzee huyo aweza kufa usiku, pasiwe na wa damu yake aliyemtilia maji kinywani wala kumlakinia shahada. Haya hayaondoki hata nyumba ikiwa na vitanda vya chuma na sakafu ya marumaru.

Basi ikiwa wema upo na udhaifu upo, hukumu itoke wapi? Itoke katika kulipambanua lile neno lenye maana mbili. Wanavyuoni wamezigawa fardhi sehemu mbili. Iko fardhi ya kifaya, ambayo wakiitimiza baadhi ya watu huwaondokea wote, kama kumzika maiti. Na iko fardhi ya aini, ambayo kila mtu huulizwa yeye kwa nafsi yake, kama sala tano. Kumtunza mzee asiye na mtu ni deni la mji mzima. Mji ukijenga nyumba njema na kuiendesha kwa uaminifu, deni limelipwa. Na usipojenga, wote wana dhambi, imamu na maamuma. Ama kumtunza baba na mama ni deni la mtoto mwenyewe. Hili halilipwi na mji, wala na serikali, wala na mtumishi wa mshahara, kama vile mtu hawezi kumkodi mwenziwe amsalie sala yake ya adhuhuri.

Sayyidna Omar bin Khattab (r.a.) alimpita mzee kipofu akiomba mlangoni, naye ni Myahudi. Alipojua kwamba umri na haja ndivyo vilivyomtoa, alimchukua nyumbani kwake akampa kitu, kisha akaamrisha apewe fungu katika Baitul Mali, kwa kuwa si uadilifu mtu kutozwa katika ujana wake na kutupwa katika ukongwe wake. Hicho ni kisa cha deni la mji. Serikali ya Zanzibar ilishika njia kama hiyo ilipoanza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mtu aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye zikazidishwa. Haikuuliza dini yake wala kazi aliyoifanya.

Na Mtume (s.a.w.) alisimulia khabari ya watu watatu waliofungiwa na jabali ndani ya pango. Mmoja wao alikuwa na desturi ya kuwapelekea wazee wake maziwa kila usiku kabla ya kuwapa watoto wake. Usiku mmoja alichelewa, akawakuta wamelala. Akachukia kuwaamsha, akasimama na chombo mkononi hata alfajiri, na watoto wanalia miguuni pake. Hicho ni kisa cha deni la mtoto. Na azingatie mwenye kusoma: kilichomfungulia jabali hakikuwa maziwa, kwani maziwa hata mtumwa angeyapeleka. Kilichomfungulia ni kwamba alisimama yeye.

Kwa mizani hii, makazi ya wazee ni mema kwa asiye na mtu. Na mzee mwenye watoto wanaoweza kumtunza kupelekwa huko ili wapumzike, huko ni kulitumia fungu la yatima kumlisha mwenye baba. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe imeijaalia familia kuwa ndiyo ya kwanza katika kutunza wazee, na makazi kuwa ni kimbilio la mwisho.

Lakini asifurahi upesi yule asemaye, "Mimi mama yangu yuko nyumbani." Katika Sura ya Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu amekataza hata neno dogo la kuchoshwa na wazazi wanapofikiwa na uzee wakiwa kwa mtoto wao. Neno hilo la kuchoshwa halisemwi kwa ulimi tu. Chumba cha uani kisicho na taa husema. Sahani inayokuja baada ya watoto kula husema. Mlango unaofunguliwa mara mbili kwa siku husema kwa sauti kubwa. Wako wazee katika nyumba za watoto wao wenyewe walio wapweke kuliko walioko Nunge au Welezo. Na nyumba hizo za watoto hazina mkaguzi wala daftari la wageni, illa Mwenyezi Mungu ndiye azikaguaye.

Na iko khiyana nyingine ambayo wanaume huifanya bila ya kuijua. Mwanamume husifiwa mjini kwamba anamtunza mama yake, na hali anayemuogesha, na kumfulia, na kuamka naye usiku, ni mke wake. Na wanavyuoni hawakumwajibishia mke kuwakhudumia wazazi wa mume. Akifanya ni hisani yake, na yampasa kushukuriwa kama ashukuriwavyo mfadhili. Deni ni la mwana. Anayelitupa deni lake juu ya mgongo wa mke, kisha akamlaumu kwa uzito wa uso wake, amedhulumu watu wawili kwa pamoja.

Hapana budi pia kukubali kwamba iko hali isiyowezekana. Mzee aliyepotewa na akili hutoka usiku akatembea njiani, au akawasha moto bila ya kujua. Naye mtoto ni mmoja, au ni mgonjwa, au ni fukara. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Katika hali hiyo, kumweka mzee penye watu wa kumlinda si kumtupa, maadamu mtoto amemuuliza mzee mwenyewe alipokuwa na fahamu zake, na anakwenda kumtazama, na jina lake linajulikana na watumishi kwa sababu ya kuonekana si kwa sababu ya risiti. Kutupa hakuko katika kupeleka. Kuko katika kutorudi.

Basi yule mtu wa Kikuyu afanye nini? Kwanza amuulize mama yake, kwani wengi hushauriana ndugu kwa ndugu kuhusu mama kama washaurianavyo kuhusu kiwanja. Akikhiari kubaki Ngamiani penye majirani na adhana aliyoizoea, basi watoto wagawane zamu kwa miili yao si kwa mifuko yao tu: huyu likizo yake, yule mwezi wa Ramadhani, huyu siku za mwisho wa wiki. Safari ya basi kutoka Dodoma hata Tanga huchukua siku nzima, lakini siku moja si nyingi kwa aliyebebwa miezi tisa. Na akikhiari kuhamia Kikuyu, atafutiwe wenziwe wa kuzungumza nao, na mwanawe ajifunze kumuogesha baba na kumsaidia mama kutia udhu, asione haya, kwani naye alioshwa.

Na Waislamu wa pwani kwa jumla, kila mji wenye msikiti wa Ijumaa na wenye mali za wakf na utazame kama hauwezi kuwa na nyumba moja karibu na msikiti huo, ya wale wasio na mtu. Si nje ya mji walikotengwa wakoma zamani, bali mahali wapitapo watu, ili mzee asikie adhana na asikie watoto wa chuoni wakisoma. Nyumba hiyo ikijengwa, mji utakuwa umelipa deni lake. Kisha kila mtu arudi kwake usiku, atazame kama yuko mzee aliyelala akingoja, na kama chombo kimo mkononi mwake yeye au mwa mwingine.