Je, Fuko Ana Kosa Gani?



Swali letu la mwezi huu limetoka shambani. Mtu amepanda viazi vitamu, majani yamenawiri, lakini siku ya kuvuna anakuta vimeliwa chini kwa chini. Pembeni kuna vifusi vya udongo mbichi. Fuko amepita. Wanyarwanda humwita ifuku. Huchimba kwa meno, hula mizizi, na huweka akiba shimoni. Kwa mkimbizi mwenye kipande cha ardhi ya kuazima, hasara hiyo ni chakula cha watoto. Je, kiumbe huyu ni mwovu? Na je, ni haki kumwangamiza?

Tuanze upande wa mkulima. Kutega mtego wa fimbo na kamba ili kuokoa chakula si kosa. Hatuwezi kumwambia mama mwenye njaa amhurumie fuko kuliko mwanawe.

Lakini shamba letu si dunia yote. Katika milima ya Bale, nchini Ethiopia, yuko fuko mkubwa anayechimbua malisho na kuugeuza udongo wake. Mbwa mwitu wa Ethiopia, ambao wamebaki mamia machache tu, humtegemea huyo kwa chakula. Ukimmaliza fuko, umemmaliza na mbwa mwitu.

Tena huko Marekani yuko mnyama aitwaye gofa, anayeishi chini ya ardhi kama fuko wetu. Wapanda miti humchukia kwa sababu hutafuna mizizi ya miti michanga. Mlima St. Helens ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, misitu iliangushwa na nchi ikafunikwa na majivu. Baadhi ya gofa walinusurika mashimoni. Walipochimba, walipandisha udongo wa zamani juu ya majivu, na mimea ikapata mahali pa kuota. Meno ni yale yale na kazi ni ile ile. Mahali pamoja ni hasara, mahali pengine ni uzima.

Basi tunaona hivi: mkulima ana haki ya kulizuia tendo linalomdhuru, pale linapomdhuru. Hana haki ya kuichukia jamii nzima ya kiumbe kwa ajili ya shimo moja.

Na hapa swali linatugeukia sisi. Tumesikia watu wakigombana na kuitana fuko: "Wale wanatuchimba chini kwa chini, wanakula jasho letu." Ndugu zetu, sisi wa Remera tunapita karibu na Uwanja wa Amahoro, ambako maelfu walikimbilia kuokoa maisha yao wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kabla ya mapanga yalitangulia maneno. Redio RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Aliyekwisha kuitwa mdudu hakuulizwa tena ametenda nini.

Ikiwa hata fuko anastahili kupimwa kwa tendo lake, si zaidi sana mwanadamu? Jirani akikukosea, mwite kwa jina lake, mweleze kosa lake, na wazee wawepo kusikiliza. Fuko tutamtega shambani. Lakini jina lake tusimpe mtu yeyote.